"Chizi imepungua": kisa cha duka la pizza ya kubeba Buruburu

Lalamiko lililomfanya mwenye duka atake kugeuza biashara yake yote lilikuwa na maneno mawili tu: chizi imepungua. Alilisikia dirishani, akalisikia kwenye simu za oda, akalikuta limeandikwa na mteja katika daftari la kaunta, chini kabisa ya oda yake. Aliponiita alikuwa ameshakata shauri. Ataongeza chizi, atashusha bei, na kila Jumanne atauza mbili kwa bei ya moja kama wafanyavyo wakubwa. Alichotaka kwangu ni hesabu ya kuonyesha kama duka litahimili.

Kazi yangu ni kuwasaidia wenye maduka madogo ya chakula upande wa Eastlands, Nairobi, kupanga hesabu zao. Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa yake na bila kutaja jina la duka. Nakieleza kwa sababu nimeona maduka mazuri yakifungwa kwa njia hii hii: mwenye duka anasikia lalamiko, analitii neno kwa neno, anatumia pesa kutibu mahali pasipouma, na palipouma panaendelea kuuma hadi wateja wanaisha.

Duka lenyewe liko ndani ya mtaa, hatua chache kutoka Mumias South Road, katika chumba cha mbele cha nyumba ya familia. Kuna dirisha la kuuzia, benchi la mbao ukutani, oveni moja ya gesi yenye vyumba viwili, na friji mbili. Meza ya kulia haikuwahi kuwepo. Unaagiza, unangoja kwenye benchi, unabeba, unaenda. Lilifunguliwa kabla M-Pesa haijaanza mwaka 2007, na mama mwenye duka bado anakumbuka siku za kutafuta chenji kwa majirani kila noti ya elfu ilipokuja.

Anayetaka kuelewa wateja wa hapo lazima aujue mtaa kwanza. Nyumba za Buruburu zilianza kujengwa miaka ya 1970, awamu baada ya awamu, kwa ajili ya familia za watu wenye kazi za mshahara. Wenyeji wale wamezeeka humo. Lakini pembeni na mbele ya nyumba zile pamejengwa vyumba vya ziada, kisha maduka, kisha ghorofa, na wapangaji vijana wamejaa. Kwa hiyo dirisha moja linahudumia watu wa aina mbili. Kuna mzee aliyekuwa akiwanunulia wanawe pizza ya siku ya kufunga shule na sasa anawanunulia wajukuu. Kuna na kijana aliyehamia mwaka jana, anayeagiza kwa simu akiwa kitandani, na ambaye hajawahi kuliona benchi.

Mabadiliko makubwa yalikuja bila duka kuyaomba. Machi 2020, kafyu ya korona ilipoanza na hoteli zikaambiwa ziuze chakula cha kubeba tu, duka hili lilikuwa tayari linafanya hivyo tangu siku ya kwanza. Halikuwa na meza za kuondoa wala la kujifunza. Vijana wa boda wa stejini, waliokuwa wamekosa abiria, wakaanza kupeleka pizza Umoja, Donholm, hata Kayole. Kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021, wateja wale wa mbali walibaki, na mama akawashukuru kwa moyo wote. Ukimsikiliza akisimulia kipindi kile, anakisimulia kama baraka, na kwa fedha ilikuwa baraka kweli.

Kisha ukaja mwaka 2022. Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, Urusi na Ukraine zikiwa miongoni mwa wauzaji wakuu, na vita vilipozuka bei ya unga na ya mafuta ya kupikia ikapanda. Gesi ilikuwa imeshapanda kabla ya hapo, VAT ya asilimia 16 iliporudishwa Julai 2021. Ilishushwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, na kuondolewa 2023. Mama alipandisha bei mara mbili kwa shingo upande. Msaidizi mmoja wa jikoni aliondoka na hakuajiri mwingine. Hapo ndipo palipotokea badiliko dogo ambalo hata yeye hakulihesabu kuwa badiliko. Kazi ya asubuhi ya kukwaruza mabonge ya chizi ilikosa mtu, basi akaanza kununua chizi ya pakiti iliyokwisha kukwaruzwa. Kikombe cha kupimia kilibaki kilekile.

Tulipoketi na daftari, sikutaka kuhesabu lalamiko gani limesemwa mara nyingi zaidi. Hesabu ya namna hiyo hupotosha, kwa sababu watu wa mtaa mmoja huambiana, na neno likishashika hata ambaye hakuliona atalisema. Nilitaka kila maoni yaje na majibu ya maswali matatu: uliibeba mwenyewe au ililetwa? Ilikuwa siku gani na saa ngapi? Na unapoilaumu, unailinganisha na ipi? Mama alianza kuwauliza watu hivyo dirishani, kwa upole wake, na kijana wa kaunta akawa anaandika.

Wateja waliokuwa wameacha kuja walihitaji njia nyingine. Namba zao zilikuwemo katika madaftari ya zamani ya oda. Nilimwomba awapigie mwenyewe, mimi nikae kando. Watu wale walimpa yeye namba ili waletewe chakula, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuandikwa kwa ajili ya kampuni kubwa peke yake. Zaidi ya sheria, mtu aliyeacha kununua atamwambia ukweli mama aliyemjua miaka mingi kuliko mgeni mwenye kalamu.

Hapo maoni yakaanza kujigawa yenyewe.

Watu wa benchini, wale wanaofungua boksi wakiwa bado barazani na kula kipande cha kwanza njiani, hawakusema chizi imepungua. Walisema haivutiki. Mzee mmoja wa awamu ya tatu alimwambia mama waziwazi: "Zamani nilikuwa naivuta hadi mjukuu anacheka. Siku hizi inakatika." Watu wa kuletewa, hasa wa Donholm na Kayole, ndio waliosema imepungua. Dada mmoja aliuliza kwenye simu, kwa hasira ya kweli, "Mama, siku hizi chizi mnaipima kwa kijiko cha chai?" Mama akamjibu, "Mwanangu, ni ileile," na alikuwa anasema kweli kwa kadiri alivyojua.

Tuliipima. Chizi ya pizza moja kubwa kwenye mizani ilikuwa na uzito uleule ulioandikwa katika daftari lake la mapishi la miaka ile ya mwanzo. Kama angefuata lalamiko neno kwa neno, angeongeza uzito na gharama, na pizza isingepona.

Basi tukapika mbili. Moja kwa chizi ya pakiti, nyingine kwa bonge lililokwaruzwa asubuhi hiyo. Kila moja tuliigawa nusu: nusu ya kula hapo hapo, nusu ya kufungia kwenye boksi na kuiacha muda ambao boda huchukua kufika Kayole Ijumaa jioni, magari yakiwa yamesimama Outer Ring Road. Nusu za kula papo hapo zilitofautiana kidogo tu. Ile ya bonge ilivutika kwa nyuzi ndefu, ya pakiti ikavutika kidogo na kukatika. Tulipofungua maboksi, tofauti ilikuwa ya kusikitisha. Chini ya mfuniko kulikuwa na matone ya maji yaliyojipanga, mkate wa chini umelowa katikati hadi unainama ukiuinua, na chizi ya pakiti ilikuwa imeganda ngozi moja nyembamba, iliyoshikamana na kipande cha jirani na kubanduka nacho, ikiacha sosi uchi. Ukiipokea pizza hiyo mlangoni kwako baada ya kungoja, utaapa kwamba umeibiwa chizi.

Sababu zake hazina siri. Chizi iliyokwaruzwa kiwandani hupakwa wanga, mara nyingi wa viazi, au unga wa nyuzinyuzi za mimea, ili vipande visishikane ndani ya pakiti. Wanga huo huzuia chizi isiyeyuke na kuungana vizuri. Pizza ikiwa moto sana kasoro haionekani sana. Ikipoa inajitokeza yote. Juu ya hapo kuna mvuke. Pizza iliyotoka ovenini inaendelea kutoa mvuke, na boksi lililofungwa kabisa halina pa kuupeleka, unagonga mfuniko, unakuwa maji, unarudi chini. Mtu aliyetembea dakika tano kufika nyumbani hakuwahi kukutana na tatizo hilo miaka yote hiyo. Pizza ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya dakika zake tano.

Kwa hiyo wateja walikuwa wakweli, wote. Mteja ni shahidi mzuri wa kilichomtokea mdomoni. Kilichotokea jikoni hakukiona, naye hujaza pengo hilo kwa sababu iliyo karibu, ambayo nyakati za bei kupanda ni kwamba mwenye duka amebana. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mama alikuwa ameumizwa nalo. Kuambiwa mwizi na watu uliowalisha miaka yote si jambo dogo, na alikuwa karibu kununua heshima yake kwa hasara.

Kulikuwa na lalamiko lingine lililokuwa limefichwa na hili la chizi, nami nalipenda kwa sababu lisingeonekana kama hatungeandika tarehe. Watu kadhaa walisema mkate wa pizza ni mzito. Mmoja alisema mzito kama chapati ya jana. Tulipozipanga tarehe, nyingi ziliangukia Julai na Agosti. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, gesi ya hamira inapanuka upesi, na donge la unga linaumuka haraka kuliko maelekezo ya vitabu vya pwani au vya Ulaya yanavyosema. Mama aliishazoea hivyo, anakanda saa nne asubuhi na kuanza kuoka alasiri. Lakini usiku wa Julai hapa unaweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12, jiko lake halina joto hadi oveni iwashwe, maji ya bomba ni baridi, na hamira inalala. Saa zilezile zilizotosha Februari hazitoshi Julai. Oda za kwanza za jioni ndizo zilizopata mkate mzito. Za saa mbili usiku, oveni ikiwa imepasha chumba chote, zilikuwa sawa. Dawa yake ni kukanda mapema zaidi miezi hiyo, kwa maji ya uvuguvugu, au kukanda usiku wa kuamkia na kuliacha donge liumuke polepole.

Sasa bei. Karibu kila aliyeulizwa anailinganisha na ipi alitaja ofa ya Jumanne ya kampuni ya Pizza Inn, ya kununua moja na kupewa ya pili. Ofa hiyo imekuwa sehemu ya wiki ya watu wa Nairobi kiasi kwamba wengine hupima nayo bei ya pizza yoyote mjini. Mama aliona hapo ndipo anapopigwa. Lakini tulipoyatenga majibu ya waliohama na ya waliobaki, waliolia bei zaidi walikuwa wangali wananunua kwake, wengine kila wiki. Wanalia kama jirani anavyomlilia muuza mboga wake, na kesho yake wako hapo. Waliohama kabisa hawakuanza na bei. Walisema waliambiwa dakika ishirini wakangoja saa nzima. Walisema waliomba isiwekwe pilipili, ikaja na pilipili, na mtoto akalala bila kula.

Lile la dakika ishirini lilinishughulisha kuliko mengine yote. Oveni ina vyumba viwili na kila kimoja kina kiasi chake, hakiongezeki Ijumaa kwa sababu watu wameongezeka. Kijana wa kaunta alikuwa akimwambia kila mteja dakika ishirini, mmoja au wa kumi na mbili, kwa nia njema kabisa, asimpoteze. Mama mmoja mwenye watoto wadogo alisema maneno yaliyonibaki: "Ningeambiwa saa nzima ningeenda sokoni nikarudi. Mimi na watoto tumekaa kwenye benchi hilo, kila nikiuliza ni dakika tano." Kungoja kwenyewe alikubali. Aliumia kufanywa asiyestahili kuambiwa ukweli. Kwangu mimi hili ndilo kosa zito la duka lile, zito kuliko la chizi, na ndilo lisilogharimu shilingi kulirekebisha.

Kuna swali la nyama pia. Majirani Waislamu na wateja wanaotoka hadi Eastleigh walikuwa wakiuliza mara kwa mara, wengine kwa kusitasita, kama kuna nguruwe humo. Wanaogopa zaidi ile ya nanasi iitwayo Hawaii, iliyobuniwa Kanada mwaka 1962 na ambayo kwa kawaida huwekwa nyama ya nguruwe. Ya kwake huwekwa kuku. Soseji ni za ng'ombe, na nguruwe haijawahi kuingia jikoni kwake. Jibu la mdomo alikuwa nalo, lakini kijana wa kaunta mgeni alipoulizwa alisema "sidhani", na neno moja hilo lilitosha kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu. Mama alitaka aandike "halal" ukutani. Nilimsihi asiandike. Kuna vyombo vinavyokagua na kutoa cheti cha halal hapa nchini, na neno hilo likiandikwa na asiyekaguliwa linawafanya wanaomwamini wabebe dhima isiyo yao. Aandike lililo kweli: humu hakuna nyama ya nguruwe, Hawaii yetu ni ya kuku. Cheti aombe kama atakuwa tayari kukaguliwa na kununua nyama zake zote panapothibitishwa.

Nimekaa sana kwenye lawama, na sifa zilikuwepo tele. Watu wanaisifu sosi, anayoipika mwenyewe kwa nyanya mbivu, vitunguu saumu na dhania, na pilipili anayoiweka pembeni kwenye kikaratasi. Wanasifu kwamba unapiga simu unasema "ile yangu" naye anajua ni ipi. Kijana aliyekulia hapo na sasa anaishi Ruaka alisema kila akija kumwona mama yake lazima apitie. Kwa hesabu, sifa hizi ndizo zilizoniambia ofa ya mbili kwa moja ingemmaliza. Kuuza mbili kwa bei ya moja kunataka ununuzi wa jumla wa kampuni yenye matawi, na duka la oveni moja lingeweza kulifikia hilo kwa njia moja tu, kupunguza thamani ya kinachoingia: nyanya za kopo za bei ya chini, chizi hafifu zaidi, na hakuna muda wa kukumbuka pizza ya mtu yeyote. Jumanne foleni ingejaa watu waliofuata ofa, na benchi lingekosa wenyewe.

Nilimweleza hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama basi afanye nini kuhusu chizi.

Alirudi kwenye mabonge. Kwa kilo yalikuwa nafuu kuliko ya pakiti, na tofauti hiyo ilikaribia kulipa saa za msichana wa jirani anayekuja asubuhi kukwaruza. Maboksi ya kupelekwa na boda sasa yanatobolewa matundu ya mvuke kwenye kuta, na vijana wa boda wamekatazwa kuyafungia kwenye mfuko usiopitisha hewa, isipokuwa mvua ikinyesha. Kaunta ina saa ya ukutani na kijana amefundishwa kuhesabu oda zilizo mbele kabla ya kutaja muda. Ombi lolote la mteja, hasa la pilipili, huandikwa juu ya boksi tupu kabla donge halijatandazwa, kisha husomwa tena kwa sauti pizza inapotoka.

Lililomgharimu ni Kayole. Tulijadiliana sana. Hakuna boksi litakalofikisha pizza yake salama kule Ijumaa jioni, na kila inayofika mbovu inazungumzwa na watu watano. Mwishowe aliamua Ijumaa na Jumamosi jioni boda zisivuke Outer Ring Road. Siku nyingine zinapeleka, na mteja anaambiwa wazi kwamba itafika vuguvugu, aipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, imefunikwa, dakika chache. Baadhi ya wateja wa kule walikasirika. Mmoja alimwambia amewatupa wakati walimshika mkono siku za kafyu, na mama hakuwa na jibu la kumridhisha. Nami sikuwa nalo. Deni hilo lipo kweli, na uamuzi bado naona ni sahihi.

Neno la chizi limepungua dirishani. Mzee wa awamu ya tatu alirudi na mjukuu, akavuta kipande pale pale benchini bila kusema lolote, na mama akaja kunipigia simu usiku huo huo kunieleza. Bei bado inalalamikiwa kila siku, na waliohama hawajarudi wote; aliyeletewa pilipili alisema atafikiria. Oveni ya pili wameiulizia bei, ikaonekana haiwezekani mwaka huu. Kwa hiyo Ijumaa saa moja jioni mtu akifika dirishani ataambiwa itachukua saa nzima na robo, akipenda angoje, asipopenda aache namba yake apigiwe ikitoka.